Fidia si kifuta machozi: namna aliyeumizwa na polisi anavyoweza kudai

Tangu ghasia za 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, swali moja limekuwa likirudi kwenye vijiwe vya kahawa, ndani ya daladala na hata kwenye vikao vya misiba jijini Dar es Salaam: mtu akiumizwa na polisi, anamdai nani? Majibu yanayotolewa ni mengi na yanagongana. Mmoja husema Serikali haishtakiwi. Mwingine husema inashtakiwa, ila mpaka askari aliyehusika afungwe kwanza. Wa tatu, ambaye aghalabu ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, husema tusubiri tume ya kuchunguza ghasia hizo imalize kazi yake, kisha watu watalipwa. Majibu yote matatu yana kasoro, na kasoro hizo zina gharama, kwa sababu haki ya kudai ina ukomo wake, na ukomo huo haumngojei mtu amalize kubishana.

Wala swali lenyewe si geni hapa mjini. Liliulizwa kwa uchungu Februari 2018, wakati mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji alipopigwa risasi akiwa abiria ndani ya daladala Kinondoni, huku polisi wakitawanya waandamanaji. Liliulizwa kabla ya hapo, na huulizwa kimya kimya kila wiki na watu ambao habari zao hazifiki gazetini: kijana wa bodaboda aliyevunjwa mguu wakati wa kukamatwa, mahabusu aliyetoka selo akiwa hasikii sikio moja, mama lishe aliyepigwa kirungu akikusanya sufuria zake.

Nitamtumia huyo mama lishe kama mfano wa kufikirika hadi mwisho, kwa kuwa mambo haya hueleweka upesi zaidi yanapokuwa na mkono uliovunjika na sufuria iliyomwagika. Tuseme anauza wali Manzese. Polisi wamekuja kutawanya kundi la vijana, yeye hakuwa katika kundi hilo, askari mmoja akampiga kirungu mkononi, na mfupa ukavunjika.

Neno lenyewe

Mkanganyiko mwingi huanzia kwenye neno. Kwa mazoea yetu mtu akifikwa na jambo hupewa pole, na aliyefiwa hupewa rambirambi. Hata sheria zetu zinalijua jambo hili: tembo akimjeruhi mkulima au akila shamba lake, kanuni za wanyamapori zinatoa kile kinachoitwa rasmi kifuta machozi na kifuta jasho, yaani malipo ambayo viwango vyake vimepangwa mapema kwenye jedwali, na ambayo hayadai kwamba yanalingana na hasara aliyoipata mtu. Serikali haisemi kwamba ilimkosea mkulima. Inamfuta machozi tu.

Fidia ni kitu kingine. Fidia ni deni. Inadaiwa kwa sababu mtu fulani alifanya jambo ambalo sheria inalikataza, au aliacha kufanya jambo ambalo sheria inamtaka alifanye, na matokeo yake mtu mwingine akadhurika. Lengo lake ni kumrudisha aliyedhurika, kadiri fedha inavyoweza, mahali alipokuwa kabla ya kudhurika. Katiba ya mwaka 1977 inalitaja jambo hili waziwazi katika Ibara ya 107A, inapoziagiza mahakama kutoa fidia ipasavyo kwa watu walioathirika kutokana na makosa ya watu wengine, kwa mujibu wa sheria mahususi iliyotungwa na Bunge.

Tofauti hii ina matokeo ya moja kwa moja. Ikiwa mtu atafika nyumbani kwa mama lishe wetu na bahasha ya pole, akampa na karatasi ya kusaini, ni lazima karatasi hiyo isomwe hadi mstari wa mwisho. Pole iliyopokelewa kama pole haiui deni. Lakini pole iliyopokelewa kwa karatasi inayosema "nimelipwa na sina madai tena" inaweza kuwa ndiyo fidia yote atakayoipata, hata kama ndani ya bahasha mna nauli tu.

Na kwa kuwa fidia ni deni, maswali yanayofuata ni yale yale ya deni lolote la dukani: je, kweli kuna deni, mdaiwa ni nani, ushahidi uko wapi, linaisha lini, na litalipwaje.

Je, kuna deni?

Si kila jeraha linalotokana na polisi linazaa fidia, na anayewaambia watu vinginevyo hawatendei haki. Sheria inampa askari ruhusa ya kutumia nguvu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu kumshika mtu anayekataa kukamatwa, lakini inamkataza kutumia nguvu kubwa kuliko ile inayohitajika kumkamata au kumzuia asitoroke, na inamkataza pia kumdhalilisha zaidi ya inavyolazimu. Mtu akishakuwa chini ya ulinzi, sheria hiyo hiyo inataka atendewe kibinadamu na kwa kuheshimu utu wake. Matumizi ya silaha za moto yamewekewa masharti zaidi katika sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, likiwamo sharti la onyo. Juu ya yote hayo iko Ibara ya 13 ya Katiba, inayopiga marufuku mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama.

Fundi aliyeitwa kuvunja kufuli ana ruhusa ya kuvunja kufuli, wala mwenye nyumba hawezi kumdai kufuli hilo. Akibomoa na ukuta, ukuta huo ni deni lake. Kesi nyingi za nguvu za polisi zinasimama au kuanguka hapo hapo, katika mpaka kati ya kufuli na ukuta. Mtu aliyekuwa akirusha mawe, akakamatwa kwa nguvu na kuteguka bega, atapata shida kuishawishi mahakama. Mtu yule yule, akishafungwa pingu na kulazwa chini, kisha akapigwa virungu, yuko katika hali tofauti kabisa, kwa sababu hapakuwa tena na kufuli la kuvunja.

Hapa kuna uvumi mmoja unaostahili kukanushwa bila kigugumizi, nao ni ule unaosema kwamba mhalifu hana haki ya kudai. Aliyeiba simu Kariakoo akapigwa mpaka figo zikaumia anaweza kufungwa kwa wizi wa simu na papo hapo akawa na madai halali ya kupigwa. Madai ya kushtakiwa kwa hila ndiyo yanayohitaji kwanza kesi ya jinai iishe kwa upande wako. Madai ya kupigwa hayaulizi kama ulikuwa mwema. Yanauliza kama kipigo kilikuwa cha lazima.

Kwa mtu aliyekuwa akipita tu, kama mama lishe wetu au abiria wa daladala, kuna njia mbili. Ikiwa alipigwa makusudi, ni shambulio. Ikiwa alipatwa na kilichokusudiwa kwa mwingine, swali linakuwa la uzembe: je, askari mwangalifu, katika mtaa uliojaa watu saa ile, angefyatua vile?

Mdaiwa ni nani?

Wengi humtafuta askari. Wanataka jina lake, kituo chake, hata anapoishi. Ninaielewa hasira hiyo, ila kwa fidia si pa kuanzia.

Fikiria daladala. Dereva wa daladala ya Mbagala akimgonga mtu akiwa njiani na abiria, aliyegongwa hamdai dereva peke yake, humdai pia tajiri mwenye gari, kwa sababu dereva alikuwa kazini kwa tajiri huyo. Tajiri hawezi kujitetea kwa kusema "mimi sikumtuma agonge watu" au "nilimkataza kukimbiza gari". Alimkabidhi gari, akapokea hesabu jioni, na hatari za kazi hiyo ni zake. Hata siku gari linapoendeshwa na deiwaka, maadamu amepewa gari kihalali, habari ni ile ile. Jambo hubadilika tu pale dereva anapoliiba gari usiku wa manane kwenda kwenye shughuli zake.

Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inaiweka Serikali katika nafasi ya tajiri huyo. Inasema Serikali itawajibika kwa makosa ya watumishi na mawakala wake kana kwamba ni mtu binafsi mwenye umri na akili timamu. Kwa hiyo kauli kwamba Serikali haishtakiwi si kweli, ingawa ina asili yake. Zamani sheria hiyo ilimtaka mwananchi apate kwanza ridhaa ya Serikali yenyewe ndipo aishtaki, jambo ambalo ni sawa na kumwomba mdaiwa kibali cha kumdai. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba sharti hilo linakiuka Katiba, na mwaka uliofuata likabadilishwa kuwa notisi ya siku 90. Mzee aliyejaribu kuishtaki Serikali mwaka 1985 na kurudishwa mlangoni alikuwa anasema kweli kwa wakati wake.

Askari aliyekuwa zamu, mwenye sare, silaha ya Serikali na gari la Serikali, ni vigumu kusema hakuwa kazini. Askari aliyegombana na mpangaji mwenzake baa siku ya mapumziko ni dereva aliyeiba gari; huyo atadaiwa mwenyewe. Kati ya hao wawili kuna eneo lenye ukungu, na ndilo wanalolipigania mawakili. Mgambo wa manispaa, kwa upande wao, wana tajiri mwingine, yaani halmashauri, kwa hiyo ni vyema kuhakikisha kwanza sare iliyokupiga ilikuwa ya nani.

Kwa msingi huo, kutolijua jina la askari hakuui madai. Kinachohitajika ni kuthibitisha kwamba aliyeumiza alikuwa askari polisi kazini. Namba za magari ya polisi huanza na herufi PT, askari wana namba zao za jeshi zenye herufi ikifuatiwa na tarakimu, na za askari wa kike hutanguliwa na WP. Namba ya gari, saa, mahali na watu wawili walioona vinaweza kutosha pale ambapo jina halipo.

Barabara tatu zisizokutana

Askari akituhumiwa kuumiza mtu, mambo matatu yanaweza kutokea, na watu huyachanganya kama michuzi katika sahani moja.

La kwanza ni la nidhamu, ndani ya jeshi lenyewe. Askari anaweza kushtakiwa mbele ya wakubwa wake, akashushwa cheo au akafukuzwa. Hilo halimletei aliyeumizwa hata senti.

La pili ni la jinai, ambapo Jamhuri inamshtaki askari kama mtu binafsi. Mfano unaojulikana na wengi ni wa mwandishi wa habari Daudi Mwangosi, aliyeuawa kijijini Nyololo, mkoani Iringa, 2 Septemba 2012. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Hukumu kama hiyo inaadhibu. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu inaipa mahakama ya jinai uwezo wa kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia mtu aliyedhurika, lakini fidia hiyo hutoka mfukoni mwa mfungwa, si Hazina, na mfuko wa mfungwa unajulikana.

La tatu ni la madai, nalo ndilo hasa mada yetu. Halihitaji askari afungwe kwanza, kwa sababu kipimo chake cha ushahidi ni chepesi zaidi. Kwenye jinai, Jamhuri inatakiwa kuthibitisha bila kuacha shaka. Kwenye madai, inatosha mzani ulemee upande wako, kama ule wa samaki pale Feri: hauhitaji kugonga chini, unahitaji kuinama. Hata hivyo, hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho huwa na uzito mkubwa kwenye shauri la madai, kwa upande wa kutiwa hatiani na kwa upande wa kuachiwa pia, kwa hiyo mpangilio wa nini kitangulie ni jambo la kuzungumza na wakili, si la kuamuliwa kijiweni.

Tume za uchunguzi, ikiwamo ile iliyoundwa Novemba 2025 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, hazimo katika barabara yoyote kati ya hizi. Tume huchunguza, hueleza na hupendekeza. Maelezo utakayoitolea tume si hati ya madai, na kazi ya tume haisimamishi saa ya ukomo.

Saa inayokwenda

Hili ndilo eneo linaloua madai mengi kuliko ukosefu wa ushahidi, nami nitalikalia kidogo.

Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya kawaida ya kudhuriwa. Watu wengi, wakiwamo baadhi ya wenye elimu ya sheria, husimama hapo. Lakini kipengele cha kwanza kabisa katika jedwali la sheria hiyo kinasema kwamba madai ya fidia kwa jambo lililofanywa, au lililoachwa kufanywa, kwa kile kinachodaiwa kuwa ni utekelezaji wa sheria iliyoandikwa, yana mwaka 1 tu. Sasa polisi akikamata, akitawanya mkusanyiko au akipekua, atasema alikuwa akitekeleza sheria gani? Atataja sheria iliyoandikwa. Wakili wa Serikali ataweka pingamizi la awali kwamba mwaka umepita, na mahakama ikikubaliana naye, shauri linatupwa kabla mkono uliovunjika haujazungumziwa hata kwa dakika moja. Mwenye busara hahesabu miaka 3. Anahesabu mwaka 1, na kama ikitokea mahakama ikasema alikuwa na mitatu, hajapoteza kitu.

Ndani ya mwaka huo kuna zile siku 90. Kabla ya kufungua shauri, mdai anatakiwa kuipelekea taasisi husika ya Serikali notisi ya nia ya kushtaki, inayoeleza msingi wa madai yake, na nakala yake kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa mambo ya polisi, notisi huelekezwa kwa Mkuu wa Jeshi la Polisi na kwa wizara inayosimamia mambo ya ndani ya nchi, na ni vyema nakala nyingine iende Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ambayo tangu mwaka 2018 ndiyo inayoitetea Serikali katika mashauri ya madai. Usiondoke dirishani bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo, wenye wino unaofifia na tarehe iliyokaa kombo, ndio utakaothibitisha kwamba siku 90 zilianza kuhesabiwa.

Tufanye hesabu kwa mtu aliyeumizwa 29 Oktoba 2025. Mwaka wake unakamilika mwishoni mwa Oktoba 2026. Ukirudi nyuma siku 90 unaangukia siku ya mwisho ya Julai. Kwa hiyo notisi iliyofikishwa baada ya katikati ya Julai 2026 ni ya mtu anayelikimbilia basi likiwa limeshatia gia.

Siku hizo zikiisha, shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, hata kama kinachodaiwa ni laki tatu, kwa kuwa Sura ya 5 hairuhusu Serikali kushtakiwa kwa madai katika mahakama za chini, na Mwanasheria Mkuu ni lazima aunganishwe. Kwa maoni yangu sharti la Mahakama Kuu linawaumiza watu wenye madai madogo, maana gharama za wakili zinaweza kuzidi deni lenyewe. Ndiyo maana msaada wa kisheria una umuhimu mkubwa hapa: upo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017, na hutolewa na taasisi kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Tanganyika.

Sheria ninazozieleza ni za Tanzania Bara. Aliyeumizwa Unguja au Pemba aulize za kwao.

PF3 na bahasha

Turudi kwa mama lishe wetu, mkono umevimba. Anaambiwa hospitali hawatamgusa bila PF3, na PF3 inatolewa na polisi, ambao ndio waliompiga. Wengi huishia hapo, wanarudi nyumbani kujikanda na maji ya moto.

PF3 ni karatasi ya kawaida sana. Sehemu moja hujazwa na polisi kuomba mtu achunguzwe, na sehemu nyingine hujazwa na daktari akieleza aina ya jeraha, kiasi chake na kitu kinachoelekea kulisababisha. Ni kiungo kati ya kituo na hospitali, si tiketi ya kuingilia. Mgonjwa wa dharura anatakiwa kuhudumiwa kwanza, karatasi ifuate. Na hakuna sheria inayomlazimisha aliyepigwa na askari wa kituo fulani kwenda kuombea fomu kituo hicho hicho. Anaweza kwenda kingine, na akikwama akamwone mkuu wa polisi wa wilaya. Achukue pia namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha kituo, hata kama anayeiandika anaiandika kwa kununa.

Jambo moja ambalo watu hulijutia baadaye ni kuirudisha PF3 polisi bila kubaki na nakala. Kabla ya kuirudisha, ipige picha pande zote mbili kwa simu, kisha itoe kivuli. Hata ikikosekana kabisa, madai hayafi: kadi ya hospitali, picha ya eksirei, maelezo ya daktari na cheti cha kuruhusiwa kutoka wodini ni ushahidi wa tiba unaoweza kupokelewa katika shauri la madai. Kila kitu kikae katika bahasha moja, pamoja na risiti zote, zikiwamo za bodaboda ya kwenda kliniki.

Sababu ya kusisitiza risiti ni hii. Kuna fidia ya hasara mahususi, yaani fedha ambazo mtu anaweza kuzihesabu: matibabu, nauli, kipato kilichopotea. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1992 kwamba hasara ya namna hii ni lazima itajwe bayana kwenye hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Mama lishe akisema "nilikuwa nauza sana", amepoteza. Akileta daftari lake la mauzo, lenye madoa ya mafuta, linaloonyesha sahani 60 kwa siku kwa shilingi 2,000, ana mahali pa kuanzia. Lakini asidai shilingi 120,000 za kila siku, maana hizo ni mauzo; mchele, mafuta, mkaa na msichana wa kuosha vyombo vyote vinatoka humo. Ikiwa kinachobaki ni shilingi 25,000, na alikaa nyumbani wiki 6 akikosa siku 36 za kazi, kipato kilichopotea ni shilingi 900,000. Tarakimu hiyo ya kiasi, yenye daftari nyuma yake, ina nguvu kuliko milioni 50 zisizo na kitu.

Kisha kuna fidia ya jumla, kwa maumivu, fedheha na mkono ambao hautanyooka tena sawasawa. Hii haina risiti; jaji huipima kwa busara yake baada ya kusikia ushahidi. Iko pia fidia ya adhabu, ambayo kwa kawaida haitolewi, ila matendo ya kionevu ya watumishi wa Serikali ni miongoni mwa mambo machache yanayoweza kuizaa, kwa msingi uliowekwa na kesi ya Uingereza ya mwaka 1964, Rookes dhidi ya Barnard, ambayo mahakama zetu zimekuwa zikiirejea. Wale wanaotangaza kwamba kila aliyeguswa na polisi atapata mabilioni hawajawahi kusubiri hukumu kwenye benchi la mahakama.

Endapo aliyeumizwa amefariki, deni halikuzikwa naye. Wanaomtegemea, yaani mke au mume, wazazi na watoto, wanaweza kudai chini ya sheria inayohusu madai ya vifo, Sura ya 310, lakini kwa kawaida shauri huletwa na msimamizi wa mirathi. Hivyo kikao cha ukoo, muhtasari wake na safari ya Mahakama ya Mwanzo vinatakiwa vifanyike mapema, si baada ya arobaini mbili tatu kupita, kwani saa ni ile ile.

Milango mingine, na malipo

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bila malipo, huchunguza, na inaweza kupendekeza fidia, ila haishughulikii jambo ambalo tayari liko mahakamani. Neno lake ni pendekezo. Katika sakata la Nyamuma, wilayani Serengeti, ambako wanakijiji waliondolewa kwa nguvu mwaka 2001, Tume iliona wanastahili fidia, Serikali ikakataa, na mvutano ukafika hadi Mahakama ya Rufani. Njia ya shauri la kikatiba chini ya sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi, Sura ya 3, nayo ipo, lakini tangu marekebisho ya mwaka 2020 mlalamikaji ni lazima aonyeshe kwa kiapo namna yeye mwenyewe alivyoathirika, na kwamba amemaliza njia nyingine za kisheria. Kwa mkono uliovunjika, njia hiyo nyingine ndiyo shauri la kawaida tulilolieleza.

Wapo wanaosema "tutakwenda Arusha". Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo Arusha kweli, lakini Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililokuwa likiwaruhusu watu binafsi kuipelekea mashauri moja kwa moja, na mlango huo ukafungwa kwa mashauri mapya Novemba 2020. Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyopo mji huo huo, bado inampokea mtu binafsi, ila inampa miezi 2 tu tangu tukio au tangu alipolifahamu.

Tuseme basi mama lishe ameshinda. Katika deni la kawaida, mdaiwa akikaidi, dalali wa mahakama huja na kufungasha friji na makochi. Kwa Serikali haiwi hivyo: mali yake haikamatwi, na hakuna dalali atakayelivuta difenda kutoka uani mwa kituo ili likapigwe mnada. Badala yake mshindi huomba mahakama impe hati maalumu inayotaja kiasi anachopaswa kulipwa, na hati hiyo hupelekwa kwa afisa masuuli, yaani anayesimamia fedha za taasisi husika, ili malipo yafanyike kutoka fedha za umma. Mchakato huo huweza kuchukua muda mrefu, na anayeufuatilia atatakiwa kurudi ofisini mara kadhaa akiwa na nakala mkononi. Nakala nyingine ibaki nyumbani, kwenye bahasha ile ile yenye PF3 na daftari la mauzo.